Je, picha za Marekani zinaandikwa na jeshi? Jibu kwa mwenye kibanda wa Buza

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha kuonyesha mpira na picha hapa Buza, Dar es Salaam. Juzi mteja wangu mmoja, kijana, alisimama katikati ya picha akawaambia wenzake kuwa picha zote za kivita za Marekani zinaandikwa na jeshi lao, na kwamba siku hizi China imeshainunua Hollywood, ndiyo maana adui hawi Mchina hata siku moja. Ubishi ukawaka mpaka mechi ya saa nne ikatukuta hatujamaliza. Mimi nilisema picha ni biashara, mtu anatengeneza kinachouza, basi. Nani kati yetu yuko sahihi? Na hizi tamthilia za Kichina zinazoongea Kiswahili kwenye ving'amuzi, ni biashara au siasa?"

Marahaba, ndugu yangu. Ubishi wenu nimeupenda. Kwenye semina watu wangeshakubaliana kabla ya chai.

Kijana wako amekosea maneno mawili, "zote" na "zinaandikwa". Wewe nawe umeteleza kwenye "biashara", kwa kudhani kwamba ukishalitaja neno hilo siasa inanyanyuka na kutoka kibandani. Nimefundisha historia ya filamu miaka mingi. Wanasiasa wanaokaa mezani kumwandikia mtu picha wapo, na kazi zao kwa kawaida zinachosha, watu wanasinzia. Wanaofanikiwa hukaa kwenye kitu ambacho mtengenezaji hawezi kukikosa: ndege, soko, mkopo, kibali, kumbi. Wakishakaa hapo mlangoni, mtengenezaji huja mwenyewe, muswada kwapani, kuuliza arekebishe wapi.

Tuanze na jeshi, maana ndiko kijana alikoanzia.

Chukua Top Gun ya mwaka 1986, ambayo bila shaka umeshaionyesha. Ukitaka picha ya marubani wa jeshi la majini unahitaji ndege za kivita na manowari inayobeba ndege. Duka la vitu hivyo halipo Kariakoo wala Los Angeles. Mwenye navyo ni mmoja, Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na ndani yake kuna ofisi ambayo kazi yake ni kusoma miswada ya watu wa sinema. Masharti hayajifichi: lete muswada, tukiridhika nao tunakupa vifaa, nawe unalipa gharama ya mafuta na matumizi, tusiporidhika, katafute ndege kwingine. Katika muswada wa mwanzo, mwanamke anayependwa na steringi alikuwa askari. Jeshi likasema haiwezekani, mapenzi ya ofisa na askari wa cheo cha chini ni kosa kwa kanuni zao. Akageuzwa kuwa mtaalamu wa kiraia. Rafiki wa steringi naye alikuwa afe kwa ndege kugongana angani. Wakubwa wakaona ajali zimezidi, ikabadilishwa, akafia kwenye kuruka nje ya ndege. Umeiona picha hiyo mara ngapi bila kujua kuwa mlango huo wa ndege ulifunguliwa kwa kalamu ya jeshi?

Ilipokuja ya pili mwaka 2022, bei ya ndege aina ya F/A-18 ilikuwa dola 11,374 kwa saa. Ni hela nyingi kwako na kwangu, lakini kwa studio inayotumia mamilioni ni kama nauli. Na kwa bei hiyo steringi wake, Tom Cruise, alipanda tu kama abiria, usukani jeshi lilimnyima.

Mambo haya ni ya zamani. Wings, picha ya marubani iliyotoka mwaka 1927 na kuchukua Oscar ya kwanza kabisa ya picha bora, ilipewa askari na ndege za jeshi kule Texas. Kwa hiyo uhusiano huo una umri wa karibu miaka 100.

Sasa kwa nini nasema "zote" ni kosa? Kwa sababu wapo waliokataa. Mwaka 1996 waliotengeneza Independence Day, ile ya viumbe wa anga kuja kuipiga dunia, waliomba msaada. Jeshi likataka kitu kimoja kiondoke: ile kambi ya siri ya jangwani Nevada, Area 51. Wenyewe wakagoma, jeshi likajitoa, picha ikatengenezwa hivyohivyo na ikaingiza hela nyingi sana. Mwingine ni Francis Ford Coppola na Apocalypse Now, iliyotoka mwaka 1979. Jeshi la Marekani halikutaka kuugusa muswada wake wa vita vya Vietnam, basi akaenda Ufilipino kukodi helikopta za Rais Ferdinand Marcos. Na huko nako akakuta mwenye mlango. Zilikuwa helikopta za kazi. Mara kamera zimeshapangwa, waigizaji wamepakwa matope, amri inaingia, marubani wanageuza kwenda kupigana na waasi wa kweli kusini mwa nchi. Kumkwepa mwenye ndege mmoja kulimpeleka kwa mwenye ndege mwingine.

Lililo zito zaidi huwezi kuliona kwenye kioo, ndiyo maana hamkulibishania. Ni ile picha ambayo haikuandikwa kabisa. Mtayarishaji aliyezoea kugonga mlango huo ameshajua lipi litarudishwa na lipi litapita, na mtu mwenye akili haandiki ukurasa anaojua utarudi. Hakuna wa kumlaumu hapo. Hakuna barua, hakuna muhuri, hakuna aliyekatazwa.

China nayo ni hivyohivyo, ila yenyewe haikukaa kwenye ndege. Imekaa kwenye soko.

Tangu mwaka 1994 China inaruhusu picha chache za nje kuingia kwa utaratibu wa kugawana mapato. Zilianza 10 kwa mwaka. Ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001 zikawa 20. Mwaka 2012 Joe Biden na Xi Jinping, wote wakiwa makamu wa rais wakati huo, wakakubaliana ziwe 34 na mwenye picha apate asilimia 25 ya mauzo ya tiketi. Tafakari kidogo: makamu wawili wa rais wa mataifa makubwa kabisa wamekaa kujadili idadi ya picha. Hao wanaosema filamu ni burudani tu hawajawahi kuniambia makamu wa rais walikuwa wanatafuta nini pale. Nafasi ni 34, studio zinazozitaka ni nyingi, na anayechagua ni serikali. Tangu mwaka 2018 mambo ya filamu yako moja kwa moja chini ya Idara ya Uenezi ya Chama cha Kikomunisti. Ukiwa na picha ya mamilioni ya dola na soko la watu zaidi ya bilioni, huhitaji kuambiwa adui asiwe Mchina. Utajiambia.

Ushahidi wa kijana wako upo, na ningemwazima bure. Red Dawn mpya ilipigwa mwaka 2009 na adui wanaoivamia Marekani walikuwa Wachina. Studio ikaingia kwenye matatizo ya fedha, picha ikakaa kabatini, na wakati huo magazeti ya China yalishaanza kulalamika. Basi ilipotoka mwaka 2012 adui walikuwa wamegeuka Wakorea Kaskazini. Hawakupiga picha upya. Walikaa kwenye kompyuta, bendera baada ya bendera, beji baada ya beji, wakafuta alama za China na kubandika za Korea. Na kwa nini Korea Kaskazini? Kwa sababu Pyongyang hakuna tiketi ya kuuza. Nchi isiyonunua picha yako ndiyo inayofaa kuwa adui. Ukilijua hilo utaanza kuwaangalia maadui wa picha zako za wiki hii kwa jicho jingine.

Disney nao walijifunza kwa machungu. Mwaka 1997 walitoa Kundun, picha ya Martin Scorsese juu ya maisha ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, ingawa Beijing ilishawaonya. Biashara zao China zikaganda. Mwezi Oktoba 1998 mkuu wa kampuni, Michael Eisner, alikuwa Beijing mbele ya Waziri Mkuu Zhu Rongji akiomba radhi. Mwaka 2016 wakafungua bustani yao ya michezo Shanghai. Nyuzi za katikati unaweza kuziunganisha mwenyewe.

Ila kuna koti moja linaloonyesha kwamba mlango huu nao unalegea. Kwenye Top Gun ya kwanza steringi anavaa koti la ngozi lenye viraka mgongoni, na kati ya viraka hivyo kulikuwa na bendera ya Japani na ya Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake. Tangazo la picha ya pili lilipotoka mwaka 2019, bendera hizo hazikuwepo, zimewekwa alama zinazofanana rangi tu. Kati ya waliotia fedha ilikuwemo kampuni ya Tencent ya China. Baadaye Tencent ikajiondoa, na picha ilipoingia kumbini mwaka 2022 bendera zilikuwa zimerudi mgongoni. Kwa nini studio ilipata ujasiri? Nadhani kwa sababu hela za China zilikuwa zimeshaanza kuwa ndoto. Watazamaji wa kule walikuwa wamehamia kwenye picha zao. Mwaka 2021 iliyoongoza China ilikuwa The Battle at Lake Changjin, ya vita vya Korea, ambamo adui ni Mmarekani. Mwaka 2025 Ne Zha 2, katuni ya hadithi zao za kale, ilipita dola bilioni 2, na karibu zote zilitoka ndani ya China. Aprili mwaka huohuo, ugomvi wa ushuru na Washington ulipopamba moto, Beijing ikatangaza itapunguza picha za Marekani. Kwa hiyo neno "imeinunua" halikai. Hollywood ilijipeleka yenyewe sokoni, ikapanga bidhaa zake vile mwenye soko anavyopenda, na mwenye soko sasa anauza za kwake.

Na kabla hamjaishangilia Marekani kama mwathirika, nirudishe mkanda nyuma kidogo. Miaka ya 1930 kulikuwa na balozi mdogo wa Ujerumani mjini Los Angeles, Georg Gyssling, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuziandikia studio barua: mkitoa picha hii, Ujerumani itafunga mlango kwa picha zenu zote. Nao walisikiliza. Mchezo wa kumtisha mtengenezaji kwa soko Beijing iliukuta umeshachezwa.

Na aliyeucheza kwa ukubwa kuliko wote ni Washington yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana kisa hiki watu wetu hawakijui.

Mei 1946 Ufaransa ilikuwa imetoka vitani mifuko mitupu. Léon Blum, waziri mkuu wa zamani, mzee wa miaka 74 aliyekuwa ametoka hai kwenye kifungo cha Wajerumani, alitumwa Washington kuomba. Tarehe 28 Mei akatia saini na James Byrnes, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Deni kubwa la vita likafutwa, mkopo mpya ukatoka, na katika makubaliano hayohayo kikawekwa kifungu cha sinema. Kumbi za Ufaransa zitenge wiki 4 katika kila wiki 13 kwa picha za Kifaransa. Wiki 9 zilizobaki, aje yeyote.

"Yeyote" ni neno zuri, linasikika kama haki. Lakini chini ya Mjerumani picha za Marekani zilipigwa marufuku kwa miaka minne, na zilikuwa zimelundikana ghalani, zimeshalipa gharama zao kwao, kila frangi inayoingia ni faida tupu. Studio ya Paris iliyovunjwa na vita, haina filamu mbichi wala umeme wa uhakika, inashindanaje na ghala la miaka minne? Januari 1948 waigizaji na mafundi wa sinema walimiminika mitaani Paris kuandamana. Mwaka huohuo makubaliano yakarekebishwa, wiki 4 zikawa 5, na idadi ya picha za Marekani ikawekewa ukomo.

Lakini wiki siyo zilizowaokoa. Walichobuni ni kodi. Kila tiketi inayouzwa Ufaransa inakatwa kipande, leo ni asilimia 10.72, na fedha hiyo haiendi hazina kupotea. Inakwenda kwenye taasisi yao ya sinema, CNC, iliyoanzishwa mwaka 1946, kutengenezea picha mpya. Kwa hiyo Mfaransa akienda kumwangalia shujaa wa Marekani Jumamosi usiku, amemchangia mwongozaji wa kwao bila kujua. Hawakumfukuza mgeni. Walimtoza chumba. Katika sheria zote za filamu ninazozifahamu hii ndiyo ninayoihusudu, na ningefurahi siku moja kuiona Dodoma ikijadiliwa kwa uzito uleule tunaojadili nguo za waigizaji.

Mwaka 1993, kwenye mazungumzo ya biashara ya dunia, Ufaransa iliongoza Ulaya kukataa filamu zihesabiwe kama bidhaa nyingine. Aliyekuwa upande wa pili wa meza akiitetea Hollywood alikuwa Jack Valenti, mwenyekiti wa chama cha studio kubwa tangu mwaka 1966 hadi 2004. Unajua alikuwa nani kabla ya hapo? Msaidizi wa Rais Lyndon Johnson, Ikulu ya Marekani. Mtu aliyetoka ofisini kwa rais akaenda kuongoza biashara ya picha kwa miaka 38, halafu wewe na kijana mnabishana kama ni biashara au siasa! UNESCO ilipopitisha mkataba wa kulinda tamaduni mwaka 2005, kura za ndiyo zilikuwa 148 na za hapana 2: Marekani na Israeli.

Usije ukadhani Mfaransa ni malaika. Kuanzia mwaka 1934 alikuwa na amri iliyomfanya Mwafrika wa makoloni yake asiweze kushika kamera bila kibali cha mkoloni. Baada ya uhuru akawa ndiye mwenye mfuko. Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, alipotaka fedha za CNC kwa picha yake Mandabi, iliyotoka mwaka 1968, alibanwa atoe na toleo la Kifaransa. Mzee akapiga mara mbili, tukio moja kwa Kiwolofu, lugha ya kwao, kisha lilelile kwa Kifaransa, waigizaji walewale wakijitafsiri jua likiwachoma. Sijui kama kuna picha nzuri zaidi ya uhuru wa bendera kuliko hiyo.

Korea Kusini inastahili makala yake, nitaigusa tu. Mwaka 1994 washauri walimwambia Rais Kim Young-sam kuwa Jurassic Park, picha moja tu ya Marekani, imeingiza faida sawa na kuuza magari milioni 1.5 ya Hyundai, na kuanzia hapo filamu ikawa suala la serikali. Kumbi zilikuwa zinalazimika kuonyesha picha za kwao siku 146 kwa mwaka. Mwaka 2006, ili Marekani ikubali hata kuanza mazungumzo ya biashara huria, siku hizo zikakatwa nusu hadi 73. Unaona mlango uleule wa mwaka 1946? Na serikali hiyohiyo ya Korea, chini ya Rais Park Geun-hye, iligundulika ina orodha ya siri ya wasanii wa kunyimwa msaada, majina zaidi ya 9,000. Mmoja wao ni mwongozaji Bong Joon-ho, ambaye mwaka 2020 alirudi nyumbani na Oscar nne za Parasite. Nadhani kuna maofisa waliolazimika kumpigia makofi huku wametazama chini.

Wadogo nao wana milango. Julai 2023 Vietnam ilizuia Barbie. Si kwa nguo wala maneno: kwa sababu ya ramani moja ya kuchorwa kama ya mtoto wa chekechea, yenye vistari ambavyo Vietnam ilivisoma kuwa ni madai ya China juu ya bahari yao. Studio ikajitetea kuwa ni kalamu za rangi tu. Haikusaidia.

Sasa turudi nyumbani, kwenye swali lako la pili.

Kwetu sinema haikuingia kwa mlango wa biashara peke yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza na wamisionari, fedha za wakfu wa Carnegie wa Marekani, makao yake Vugiri kule milima ya Usambara. Walitengeneza picha 35 za kumfundisha Mwafrika: minyoo, ngozi, kulipa kodi. Moja ilikuwa ya watu wawili wenye fedha. Mmoja anaifukia chini anaibiwa, mwenzake anaipeleka benki ya posta. Unacheka, lakini huo ndio muswada wa serikali halisi, ule kijana wako anaoutafuta Hollywood. Kisha miaka ya 1950, enzi hizohizo za Mwingereza, ofisa kijana wa maendeleo ya jamii akawa steringi wa picha za Kiswahili kama Muhogo Mchungu. Jina lake Rashidi Kawawa. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akawa mwenyeji wa filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa New York, kuwaonyesha watalii nchi. Kwa hiyo tukiwasema wengine kwamba wanachanganya ikulu na kamera, tuseme kwa sauti ya kiasi.

Tamthilia za Kichina zina tarehe zake. Mwaka 2011 TBC ilirusha Doudou na Mama Wakwe Zake, imeingizwa sauti za Kiswahili. Machi 2013 Xi Jinping, katika safari yake ya kwanza nje kama rais, alisimama Dar es Salaam kwenye ukumbi wa Mwalimu Nyerere akaitaja tamthilia hiyo kwa jina, kuwa imewasaidia Watanzania kuona shida na raha za familia ya kawaida ya Kichina. Rais wa nchi haitaji tamthilia ya wakwe kwenye hotuba ya sera bila sababu. Katikati ya matukio hayo mawili, tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam na kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Kampuni ya StarTimes ya Beijing, yenye ubia na TBC, ilikuwa tayari dukani. Ni kampuni binafsi, inatafuta faida, inakimbizana na wateja wa vifurushi kama wengine. Ni kampuni hiyohiyo inayotekeleza mpango wa serikali ya China, uliotangazwa mwaka 2015, wa kupeleka televisheni ya setilaiti kwenye vijiji 10,000 vya Afrika. Jibu langu ni kwamba ni vyote viwili, na hawaoni haya.

Lakini utaona ndani ya Doudou hakuna hotuba. Kuna binti aliyeolewa na kukuta mama mkwe zaidi ya mmoja, basi. Ndiyo maana ilipendwa. Linganisha na Wolf Warrior 2 ya mwaka 2017, ambamo komando wa Kichina anaokoa watu katika nchi ya Kiafrika isiyo na jina. Karibu na mwisho anajifunga bendera ya China mkononi, msafara unapita katikati ya vita na pande zote zinaacha kupiga risasi. Ilivunja rekodi kwao. Ukiionyesha Buza watu watashangilia ngumi, ila pale kwenye bendera nina wasiwasi watacheka. Mama mkwe anafika mahali komando hafiki.

Na kicheko chao si kitu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nakaa kwenye mabanda ya Manzese na daftari, najifanya mtafiti. Ilikuwa enzi ya kina Lufufu, wale watafsiri wa mikanda. Kenya walikuja kuwa na DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Siku moja ilikuwa picha ya Vietnam, ya kuwatukuza Wamarekani mwanzo mwisho. Mtafsiri akampenda mzee mmoja wa Kivietnam anayetega mitego msituni, ambaye kwenye picha hasemi neno. Akampa sauti. Akamfanya mzee wa Kingoni mwenye methali, anawasubiri "hawa watoto wa mjini" kwa subira. Kila mtego ulipofyatuka banda lilipiga makofi. Picha iliyogharimu mamilioni ya dola, iliyokaguliwa na nani sijui huko kwao, ikageuzwa na mtu mmoja mwenye maikrofoni. Hilo hutalikuta kwenye sauti zilizoingizwa studio, kwa sababu pale tafsiri imeshasomwa na kupitishwa kabla haijafika kwako. Wakikuuliza king'amuzi kimebadilisha nini, mimi ningeanza na hilo: mtafsiri wa Manzese hakuomba mtu ruhusa.

Kwa ajili ya ubishi wa wiki ijayo, nikupe kazi mbili. Najua ukiona majina yameanza kupanda unachomoa haraka uweke picha nyingine, watu wasije wakatoka bila kulipia ya pili. Safari hii subiri. Kwenye picha ya kivita ya Marekani, karibu na mwisho kabisa, herufi zikiwa ndogo kama za kwenye boksi la dawa, tafuta shukrani kwa Department of Defense. Zikiwepo, ndege zile zilikodiwa kwa mwenyewe na muswada ulisomwa. Zisipokuwepo, kuna uwezekano mkubwa ndege zilitoka kwenye kompyuta au kwa mwenye ndege mwingine. Kwa picha ya Kichina usingoje mwisho. Washe mapema, kabla watu hawajatulia: kioo cha kijani, joka la dhahabu, na chini yake namba ya kibali cha serikali ya China.